Siku Mama Aliponiuliza Jina

Nanasi likianza kuchacha hutoa harufu tamu inayokwaruza koo. Nikiinusa mahali popote mimi hurudi nyuma ya nyumba ya Baba Mdogo, mjini Migori, kwenye mitungi ya plastiki ya bluu alimotengenezea mvinyo wa mananasi.

Baba Mdogo alikuwa ndugu yake marehemu baba. Baada ya mazishi alinichukua nikasome mjini. Mama akabaki Rangwe, kwenye shamba la mananasi walilolipanda yeye na baba. Nilikuwa na miaka minane. Baba Mdogo na mkewe hawakuwa na mtoto, basi wakanigeuza mtoto wao haraka: viatu vya kung'aa, nywele za kusukwa, na jina la Stacy badala ya Akinyi. Mama alikuja kuniona mara moja tu. Alipewa chai nje, karibu na banda la kuku, akaambiwa nimelala.

Likizo moja wakaja wageni kutoka Nairobi, mume na mke wenye hoteli, waliotaka kuuza ule mvinyo. Baba Mdogo akaamua kuwazungusha kwa gari waone matunda yanakotoka. Jamani, nilivyofurahi! Tulipita kwenye miwa ya Awendo, tukasimama Rongo kununua ndizi, tukala mapapai hadi viwiko vikanata. Kila mti tulioupita Baba Mdogo aliusifu kana kwamba aliupanda yeye. Mimi nilicheka njia nzima. Niliijua ile barabara. Tulikuwa tunaenda kwa mama.

Alikuwa amesimama kando ya shamba, panga mkononi, amevaa gauni la kulimia lililochanika kwapani. Hakushtuka kuona gari.

"Hili ndilo shamba langu," Baba Mdogo akawaambia wageni. "Na huyu ni mfanyakazi wangu. Mwaminifu sana. Mama, hebu wakatie wageni nanasi."

Nilishuka mbio, nikafungua mdomo nimwite. Kabla sauti haijatoka, mama aliinama akaniambia kwa Kiswahili, "Karibu, mtoto mzuri. Unaitwa nani?"

Nyumbani tulizungumza Dholuo. Kiswahili kilikuwa cha sokoni, cha polisi, cha watu wasiotujua. Mama hakuwahi kunisemesha nacho hata siku moja.

"Akinyi," nikasema.

Baba Mdogo akacheka. "Hilo ni la nyanyake. Sisi tunamwita Stacy."

"Jina zuri," mama akasema. Sikujua alisifu lipi.

Yule mwanamke wa Nairobi akatoa simu, akataka kumpiga picha mfanyakazi pamoja na mtoto wa mwenye shamba. Mama akanyoosha mkono anishike bega.

"Usimguse, utamchafua," Baba Mdogo akasema, bila ukali wowote, kama mtu anayefukuza nzi.

Mama akaurudisha mkono, akauficha nyuma. Hatukuwahi kupigwa picha nyingine sisi wawili utotoni mwangu, na hiyo iko kwenye simu ya mtu nisiyemjua.

Tuliendelea hadi Kendu Bay kuona matikiti maji. Njiani nilitapika nanasi lote kwenye gauni langu lililopigwa pasi. Wageni wakalaumu barabara.

Miaka miwili baadaye mke wa Baba Mdogo alijifungua, nami nikarudishwa Rangwe na mfuko mmoja wa nguo. Niliishi na mama hadi nikawa mtu mzima, nikiamini kwamba siku ile alinikana. Mwishowe, tukipalilia, nikamuuliza.

Hakuacha kulima. "Baba yako mdogo alikuja siku moja kabla yenu," akasema. "Akaniambia nivae gauni baya. Akasema nikikuita mwanangu mbele ya wageni, mimi nitoke shambani na wewe utoke shule."

"Sasa jina langu uliniulizia nini?"

"Ningekuuliza nini, nyathina, mwanangu? Nilikuwa nimekaa sana sijasikia sauti yako. Jina hata mtu baki anaweza kumuuliza mtoto."

Akahamia mstari mwingine wa mananasi. Mimi nilibaki nimeshika jembe. Lile swali nililolichukia utoto wangu wote ndilo pekee Baba Mdogo alilomwachia, naye alilitumia mbele yake, kwa sauti tulivu, ili nimjibu.