Mbao ya Baba kwa Dari ya Mama Chebet

Watu wangu, leo nimemdanganya Baba na sijui nitamwangalia aje usoni.

Baba hutengeneza fidla kwa mkono. Vita vya baada ya uchaguzi vilipotutoa mtaani kwetu Munyaka, karakana yake iliungua yote. Ilibaki mbao moja ya mti wa podo, ile Mama Chebet, jirani yetu wa mtaa wa pili, Kiplombe, aliichomoa motoni akaificha kwa dari yake.

Mbao ya fidla lazima ikauke miaka mingi ndiyo iimbe. Kwa hivyo Baba aliiacha huko, akangoja. Sasa ni mgonjwa. Anataka kutengeneza moja ya mwisho.

Leo nimeenda kuichukua.

Mama Chebet akaileta akitabasamu. Nyeusi tititi!

"Nimekuwa nikiipaka oili chafu ya gari kila mwaka," akasema. "Mchwa hawajaigusa hata kidogo."

Jameni. Mbao ikishakunywa oili haishiki gundi, haitoi sauti. Hiyo sasa ni posti ya fensi.

Na huyu mama angechomewa nyumba na watu wa kabila lake kwa sababu yetu. Ningemwambia nini? Nikamshika mikono, nikashukuru.

Hapo hapo Baba akapiga simu. "Ebu igonge nisikie kama imeiva."

Nikageuka, nikagonga mlango wa Mama Chebet.

Halafu nikasikia mzee analia.

"Imeiva," akasema. "Ilete."

Niko steji na hiyo mbao, oili imejaa kwa nguo. Niambieni basi, nitasema nini nikifika?

Dada yangu ameandika saa hii: Baba ametoka kitandani, ananoa patasi.