Silinda Iliyong'aa Kupita Kiasi

Shangazi yangu ni fundi wa injini, na mjini wanamwita Kucha. Usidhani anazipaka rangi. Muda huo hana. Ni kwamba kila silinda inayoingia karakana yake lazima aipitishie ukucha wa dole gumba kwa ndani, macho kayafumba, kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani. Ukucha ukiteleza tu, fundi uliyeileta jiandae kusemwa.

Mwenyewe alijifunza kwa aibu. Alipokuwa ndiyo kwanza ametoka chuo cha ufundi, baba yake, yaani babu yangu, alimkabidhi injini ya mashine yake ya kusaga. Watu wakacheka. Babu akawajibu, "Mwanangu ndiye fundi wangu. Asiyetaka asilete mahindi." Kwa neno hilo shangazi akasugua silinda kwa msasa laini siku mbili nzima, hadi babu akainama akaziona ndevu zake humo ndani. Akaita na majirani waje watazame.

Wiki ya tatu injini ikaanza kutoa moshi wa bluu na kunywa oili kila asubuhi. Shangazi akaifungua. Ringi za pistoni, zile pete zinazosugua ukuta wa silinda, mpya kabisa, zilikuwa zimelika, na kile kioo chake kimejaa michirizi. Wateja wakahamishia magunia ng'ambo ya barabara.

Mimi ningelia nikaacha. Yeye akashikwa na udadisi. Stoo kulikuwa na silinda kuukuu iliyofanya kazi miaka kumi na moja, na ndani yake bado ilionekana mikwaruzo myembamba inayopishana kama wavu. Mbona yenye mikwaruzo imedumu, na laini imekufa? Akazipaka zote mbili oili, akazifuta kwa kitambaa kile kile, kisha akagandamiza karatasi ndani ya kila moja. Karatasi ya silinda laini ilitoka kavu. Ile nyingine ilitoka na wavu mzima umechorwa kwa oili. Akacheka peke yake mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Kumbe oili hukaa kwenye mikwaruzo! Ukuta laini hauna pa kuishika, na bila oili chuma kinakula chuma.

Basi akaipanua silinda ya baba yake kidogo kuondoa michirizi, akatafuta pistoni na ringi za kuitosha, kisha akachukua mawe ya kusugulia yenye chenga. Yakawa yanazunguka kwenye drili huku akiyapandisha na kuyashusha, ili mistari ipishane. Babu akaingia.

"We mtoto! Unaikwaruza mashine yangu?"

"Ndiyo, baba."

"Makusudi?"

"Makusudi. Nilikosea nilipoing'arisha. Niamini mara hii tu."

Babu akachungulia mikwaruzo ile. "Ikinywa oili tena naifunga mashine," akasema, "na neno ufundi nisilisikie nyumbani kwangu."

Kesho yake alinunua kopo la oili, la kuongezea tu, akaliweka karibu na injini. "Hili halifiki Jumamosi," akamwambia kila aliyeleta gunia.

Miaka tisa ilipita. Magoti ya babu yakagoma, akamwachia baba yangu mashine. Siku hiyo alijikongoja hadi karakana ya shangazi na kitu kimefungwa kwenye gunia. Nilikuwepo. Alikifungua mezani: lile kopo, vumbi tele, kifuniko hakijaguswa. Oili ya injini ilikuwa ikibadilishwa kwa wakati wake kama kawaida, lakini ya kuongezea haikuhitajika hata siku moja.

"Chukua," akasema. "Halikupata kazi."

Shangazi akalipokea kopo. Akajifuta machozi kwa mkono wenye grisi. Babu akajifanya hakuona. Akavuta silinda iliyokuwa mezani, akafumba macho, akaipitishia ukucha wake.