Barakoa ya kitenge iliyoniponza Kariakoo, Idi ya mwaka ule wa korona

Wakuu wa humu ndani, wakubwa zangu shikamooni, ingawa sidhani kama mpo wengi. Wadogo zangu marahaba, nimeitikia hata kabla hamjaniamkia.

Mimi ni bibi wa Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe. Shule niliionja tu nikaolewa, kwa hiyo mkikuta herufi imekaa upande, isukumeni ikae sawa, msinisute.

Mjukuu wangu Rehema ndiye alinifungulia humu kwenye simu ya kupangusa. Nasoma kila siku. Mnavyogombana nyie watoto, nacheka peke yangu mpaka chai inapoa.

Juzi nimeona mtu anauliza sikukuu za wakati wa korona mnazikumbuka kwa lipi. Nikasema hapa sipiti kimya. Ninayosimulia ni ya kweli tupu, na wifi yangu Mwajuma yupo Magomeni, mzima wa afya, atanisuta nikiongeza hata chumvi.

Mfungo ule mnaukumbuka. Kila duka lina ndoo ya maji yenye koki mlangoni, na sabuni imefungwa kamba kama mbuzi.

Malimau yakapata heshima. Ukiyapata unayaficha chini kabisa ya kapu, juu unaweka mchicha.

Na kujifukiza! Rehema alinifunika shuka na sufuria ya mwarobaini na mchaichai, nikatoka humo nimeiva, nimebaki kukolezwa tu.

Mikono hatupeani. Vijana wakawa wanasalimiana kwa kugonganisha viatu. Mimi na magoti haya nigonganishe viatu na nani? Nikachagua kuweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa kidogo. Huo mkono wa kifuani ushikeni, tutauhitaji mbele.

Sasa barakoa.

Nilikuwa na kitenge changu cha kijani chenye ndege tausi, nimekitunza sandukuni miaka. Nikampelekea fundi Selemani anayeshonea barazani kwa jirani yangu mzee Shomari. Akanishonea yangu, ya Rehema, na ya wifi yangu Mwajuma, dada wa marehemu mume wangu.

Nikamuuliza, "Selemani, kilichobaki kiko wapi?"

"Bibi, kimeisha chote. Tausi wako walikuwa wachache."

Nikaondoka. Waliowahi kupeleka kitambaa kwa fundi wameshaona nilipokosea. Kwa fundi unakaa hapo hapo mpaka uzi wa mwisho ukatwe.

Idi ikakaribia. Binti yangu Mwanaidi, yuko Tanga, akapiga simu.

"Mama, mwaka huu usialike mtu. Huu ugonjwa unawaonea wazee."

"Hata Chausiku?"

"Hata Chausiku, mama. Hata paka wa Chausiku."

Wakuu, kwangu Idi ni sufuria kubwa. Walikuwa wanakuja Chausiku, Mwanahamisi, Asha wa Kondo, mama Furaha Mmakonde na wanawe. Mama Furaha ni Mkristo lakini pilau langu la Idi hakosi, na mimi Krismasi kwake sikosi. Leo naambiwa nipike la watu wawili, mimi na Rehema. Nikawa naiona Idi inakuja kama mgeni ambaye sina kiti cha kumpa.

Hata hivyo pilau la watu wawili nalo linataka iliki. Nikavaa barakoa yangu nikaenda sokoni kutafuta viungo.

Nikafika kwenye ndoo ya duka la viungo, kuna foleni ya kunawa. Pumzi zinapanda, miwani yangu imejaa ukungu, naona dunia kama nimo ndani ya sufuria ya kujifukiza.

Mbele yangu kasimama mwanamke mrefu, mwembamba, baibui jeusi. Miwani yake nayo ina ukungu. Na usoni, tausi wangu. Tausi wangu wa kijani!

Nani kama si Mwajuma? Nikaweka mkono kifuani. Naye akaweka mkono kifuani.

Basi nikafungulia.

"Wifi, mwaka huu tumekomeshwa. Mwanaidi kanikataza watu, nitakula na Rehema tunatazamana kama picha ukutani."

"Mm," akaitikia.

"Afadhali yetu. Yule Tatu wa Ilala nasikia Zainabu wake yuko Mwanza, hawezi kuja. Idi atakula na kuta."

"Mm."

Hapa nisimame niwaeleze Tatu ni nani.

Tatu alikuwa shoga yangu tangu usichana, ukuta wangu na wake umegusana. Alipomwoza binti yake Zainabu, akina mama wa mtaa wakavaa sare, kanga za njano. Wote waliambiwa kanga gani. Mimi sikuambiwa.

Nikaingia harusini na kanga nyekundu katikati ya njano tupu, kama pilipili iliyotumbukia kwenye chungu cha ndizi.

Kwa msiojua mambo yetu ya pwani, kunyimwa sare ni kuambiwa mbele ya watu wote kwamba wewe hapa si mwenzetu. Nikala, nikaondoka bila kuaga. Cha ajabu Tatu naye akanuna! Nikasema ala, yeye anune kwa lipi? Baadaye akahamia Ilala. Ilala ni hapo tu, unaenda kwa miguu, lakini nuno likikaa katikati, Ilala inakuwa mbali kama Kigoma. Miaka ikapita, hatuonani, tunasikiana kwa watu.

Haya, turudi kwenye ndoo.

Nikaendelea na Mwajuma wangu. "Kiburi chake kile! Na zile kaimati zake, unazikumbuka? Ngumu, ukimrushia mwizi anakaa chini mwenyewe anasubiri polisi."

Safari hii hakuitikia. Mabega tu yalitikisika. Nikajua anacheka, nikazidi kunoga.

Halafu sijui nini kilinipata. Labda saumu, labda kuona watu wote wale wamefunikwa nyuso, huyu kafa na yule kalazwa. Nikamwambia, "Lakini wifi nikwambie kweli. Hao wote niliokatazwa, ninayemkosa ni yule yule Tatu. Angekuwa ananisemesha, ningemwita hata kwa kumficha Mwanaidi."

 Zamu ya mwenzangu ikafika, akanawa. Akageuka, akaweka mkono kifuani, akauacha pale muda mrefu. Akaenda zake, wala viungo hakununua.

Nikasema moyoni, Mwajuma mwaka huu funga imemweza.

Idi ikaingia. Rehema kapaka hina, pilau liko jikoni, kasufuria kenyewe kadogo mpaka naona haya. Mwajuma akapiga simu kunipa mkono wa Idi. Nikamtania, "Siku ile sokoni uliondoka hata hukuaga."

"Sokoni gani?"

"Hapa Kariakoo, kwenye ndoo."

"Wifi, toka mfungo uanze mimi sijatoka Magomeni. Wanangu wamenifungia kama kuku anayeatamia."

"Na barakoa ya tausi je?"

"Ipo msumarini hapa naiona. Sijaivaa hata siku moja, inanibana masikio."

Wakuu, mwiko ulinidondoka.

Nikaanza kuyakumbuka niliyoyasema. Kiburi. Kuta. Mwizi anasubiri polisi. Nimeyasema kwa nani? Kariakoo nzima namjua kila mtu kwa jina, na kila niliyemfikiria alikuwa anamjua Tatu! Nikaona yatafika Ilala, kama hayajafika. Na lile la mwisho nalo litafika, kwamba bibi wa Narung'ombe anamlilia. Nikatamani kulirudisha lile kuliko hata ya kaimati.

Rehema anacheka. Namwambia nyamaza, akazidi.

Mara mlangoni, "Hodi."

Nikachungulia. Baibui jeusi. Tausi wa kijani. Mkononi bakuli limefunikwa sahani. Kasimama chini kabisa ya ngazi, mbali, akaweka mkono kifuani.

Kisha akaishusha barakoa mpaka kidevuni.

Tatu.

Kakonda! Tatu ninayemjua mimi alikuwa akikaa kwenye mkeka, mkeka unajua.

"Idi mubaraka," akasema. "Nimekuletea mawe. Labda utapata mwizi."

Rehema alikimbilia chumbani na kanga mdomoni. Nikamuuliza:

"Tatu, mbona hukusema kama ni wewe?"

"Ulinipa nafasi? Nilikujua ulipofungua mdomo tu. Nikataka kukujibu pale kwenye kiburi. Nikataka tena kwenye kaimati, nimejiandaa kabisa, nitakutoa nishai mbele ya watu. Ukafika pale mwisho. Nikaona nikisema neno nitalia mbele ya muuza bizari."

Akaliweka bakuli kwenye ngazi, akarudi nyuma hatua mbili.

"Sasa umesema ungeniita," akasema. "Nimejiita mwenyewe, nikupunguzie kazi."

Mwanaidi, mwanangu, kama unasoma humu, nisamehe. Masharti tuliyafuata. Tatu alikaa mwisho ule wa baraza, mimi mwisho huu, katikati pangeweza kulala mtu mzima na mto wake. Sisi tuliokula sinia moja tangu wasichana, leo kila mtu na sahani yake. Na kwa kuwa masikio yetu si ya zamani, tukawa tunaongea kwa kupiga kelele. Mtaa mzima ulisikia tunavyopatana.

Yeye ndiye alianza. "Haya niambie leo. Sare ya mwanangu uliikataa kwa nini?"

"Niliikataa? Si ulininyima!"

"Nikunyime? Doti yako ya kanga niliinunua mimi mwenyewe kabla ya za wote! Nikampa Pili akuletee."

"Pili hakufika kwangu."

Tukatazamana. Ndipo ikanijia. Pili, mke wa Athumani muuza nazi. Wiki ile ya harusi aliugua, nduguze wakaja kumchukua wakampeleka kwao Kilwa. Hakurudi tena, Mungu amrehemu. Doti yangu iliondoka naye kwenye furushi.

Mimi ninayejua majina ya mtaa mzima mpaka ya paka wao, kila mwaka naihesabu harusi ile kichwani, nani alivaa, nani alicheza, nani alimwaga mchuzi. Hata siku moja sikujiuliza mbona Pili simwoni. Naye Tatu miaka yote anaamini nimevaa nyekundu kusudi kumuaibisha.

Tukamwombea Pili pale pale. Kisha Tatu akaanza kunitazama, anatabasamu.

"Nini?"

"Jitazame shingoni."

Nikashika. Barakoa yangu, nimeishusha nile. Tausi. Nikamtazama yeye kidevuni. Tausi.

"Umeinunua wapi hiyo?"

"Kwa kijana mmoja fundi hapo barazani kwa mzee Shomari. Alikuwa nazo nyingi kwenye mfuko, anamtolea mteja moja moja."

Selemani!

Tulicheka mpaka Rehema akaleta maji. Sare niliyoililia miaka yote, kaja kunivisha fundi mwizi, tena kwa kitenge changu mwenyewe.

Sikukuu ilipoisha nikamfuata Selemani. Matusi nimeyapanga. Hata haya hana, anasema, "Bibi, mabaki ni haki ya fundi."

Nikamtazama. Nikarudi ndani nikampakulia pilau. Juu yake nikaweka kaimati moja ya Tatu, ajue na adhabu ipo.

Nilichojifunza wakuu ni kidogo tu. Ukimnunia mtu, muulize kwanza kabla hujazoea kununa. Mimi nilihitaji ugonjwa wa dunia nzima, ukungu wa miwani na fundi mwizi ndipo nikaambiwa jibu, na jibu lenyewe lilikuwa dogo, linaingia kwenye furushi la mgonjwa.

Nanyi semeni, kuna ambaye korona ilimrudishia mtu? Au kuna ambaye mpaka leo amenuna na hajauliza? Andikeni, nasoma zote, na majina yenu nitayakumbuka.

Ila nijibuni mapema. Leo Ijumaa, Tatu anakuja na bakuli la kaimati, na meno yangu nayahitaji kwa kazi hiyo.