Yule Aliyefukuzwa Kwao

Piano ilifika kanisani kwetu Manga ikinuka majani mabichi ya chai, kwa sababu lori lililoipandisha mlimani ndilo lililobeba chai yetu kwenda kiwandani. Mwenyewe alikuwa Mwalimu Greta, mwanamke kutoka Austria aliyefundisha muziki katika shule moja upande wa Sironga, na alikuwa ameahidi kutupigia nyimbo za kwao Sabato hiyo mchana. Mimi nilikuwa msichana mdogo, na sikuwa nimewahi kuona kinanda cha kuwatoa wanaume wazima jasho namna ile.

Nilikaa kando ya Shangazi Kemunto, dada yake baba. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amefukuzwa kwenye shamba alilolilima miaka mingi, mbali na kwetu. Nyumba ikachomwa, akatujia na watoto wake na godoro moja. Zamani alikuwa alto wa kutegemewa, na kwaya ikiyumba yeye ndiye aliyeirudisha njiani. Tangu aje kwetu hakuwa amefungua mdomo kuimba hata wimbo wa kufungia ibada. Mama alinionya nisimguse kwa habari hiyo. Niliogopa kwamba sauti ile imeungua pamoja na nyumba, na kila Sabato nilitega sikio bure.

Mwalimu Greta alianza na mtunzi ambaye, alituambia, dunia nzima inamjua. Jamani! Sikujua kwamba vidole vya mtu mmoja vinaweza kufanya kazi ya kwaya nzima. Sauti zilikimbizana mpaka kwenye mabati, zikatushukia kama mvua ya alasiri. Kwetu makofi hayapigwi kanisani siku ya Sabato. Kitu kikikugusa unasema amina. Basi kanisa zima likasema amina, mwalimu akageuka kwa mshangao, akacheka.

Kisha akasema kwamba mtunzi wa pili alitoka mji uleule wa yule wa kwanza. Wenye mamlaka walipiga marufuku nyimbo zake, wakamfukuza, na waliokuwa wakimshangilia wakamsahau. Mzee wa kanisa alitafsiri kwa Ekegusii polepole, na benchi letu lote likaogopa kutazama upande wa Shangazi. Muziki wenyewe ulianza chini, taratibu, kama mtu anayepapasa mlango gizani, halafu ukapanda, ukapanda. Ulipokwisha, hakuna aliyesema amina. Mwalimu aliinamisha kichwa. Nadhani alifikiri tumemkataa mtu wake.

Shangazi akasimama.

"Mwalimu, huyo aliyefukuzwa, alirudi kwao?"

"Hapana, mama. Alizeekea ugenini."

"Basi rudia wimbo wake. Yule wa kwanza ako na watu wengi wa kumkumbuka."

Mwalimu akarudia. Na chini ya kinanda nikasikia kitu kingine, kizito, chenye kukwaruza kidogo. Shangazi alikuwa akiufuata wimbo bila maneno, akiuwekea alto ambayo mtunzi mwenyewe huenda hakuiwazia. Nilishika benchi kwa mikono miwili. Hakuna aliyejiunga naye, kanisa lilimwachia. Mama alilia, nami nikalia, na amina ilipotoka mwishowe ilitoka kwa sauti ya chini sana.

Leo naishi Nairobi, na nimeingia kumbi zenye piano zinazong'aa, ambako watu hupiga makofi kabla sauti ya mwisho haijafa. Simu yangu hunipa yule maarufu kabla sijamaliza kuandika jina lake. Wa pili sijampata mpaka sasa. Mwalimu Greta alimtaja mara moja tu, kwa lugha ya kwao, mzee wa kanisa akashindwa kulitamka jina, nasi hatukulishika. Shamba la Shangazi nalo lina watu wengine, na hatarudi huko. Nikitaka kumsikia mtunzi yule, napanda Manga, naketi jikoni kwa Shangazi anapomenya ndizi, nangoja aanze.