Siku Baba Alipotufuturisha Mapema

Sisi tuliokulia kwenye kambi za mkonge hatukuhitaji saa ya ukutani. Tulikuwa na dohani ya kiwanda, ndefu kuliko mnazi wowote, na king'ora kilichowapeleka wazazi kazini na kuwarudisha. Nakumbuka harufu chachu ya majani yakisagwa, iliyokaa puani hadi Ijumaa tukavaa nguo safi. Nakumbuka singa nyeupe zikianikwa kwenye nyaya kama ndevu za wazee, na reli nyembamba ya matroli tuliyoipita kwa mguu mmoja. Anayedondoka kwanza hubeba misahafu ya wenzake mpaka chuoni. Kamba za kurukia tulisokota wenyewe. Mjukuu wangu Salma, ninayeishi naye hapa Najma, mtaa mmoja wa Doha, pamoja na mama yake muuguzi, ana kamba inayohesabu mizunguko na kumpongeza, na bado akiruka mara kumi yuko hoi.

Baba alikuwa mtu wa boila, chumba cha tanuri la mvuke lililoendesha kiwanda. Waya wa king'ora ulining'inia juu ya kichwa chake, na mwezi wa Ramadhani meneja alimruhusu auvute mara moja zaidi, magharibi, kwa kuwa msikiti wetu wa mabati haukuwa na kipaza sauti na kambi zilitawanyika. Kutoka mlango wa boila Baba alilitazama jua likishuka nyuma ya tangi la maji, ukingoni mwa mashamba. Likizama, anavuta. Watu wote walitia tende mdomoni kwa mkono wa Baba, nami nilijiona binti wa mtu mkubwa.

Mwaka nilioanza kufunga kutwa nzima, jioni moja wingu zito lilitanda, na moshi wa dohani ukalala chini ukachanganyika nalo. Giza likaingia. King'ora kikalia. Nilikwisha kumeza uji wa pilipili manga, kikombe kizima, wingu lilipopasuka na jua likatoka, jekundu, likaipaka dohani kutoka juu hadi chini. Kambi nzima ikabaki na vikombe mkononi.

Nililia. Mama akaniambia, "Nyamaza. Utailipa siku hii moja. Baba yako atalipa ya wote."

Baba alirudi bila kunawa masizi, akapita nyumba kwa nyumba. "Nimewafuturisha kabla ya wakati. Nisameheni." Wengi walimwitikia kwa upole. Lakini Bi Zuhura wa nyumba ya mwisho hakuacha kitu kipite. "Mzee wa Boila, na daku utatuita adhuhuri? Au njaa yako ndiyo iliyovuta waya?"

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Akaenda kwa Maalim, mwalimu wetu wa chuo, akamwomba atafute mtu mwingine wa kuvuta. Maalim akamwambia, "Mawingu hayakukuomba ruhusa. Vuta wewe. Kesho nitafuturu mlangoni kwako, pale boila."

Kesho yake mbingu ilikuwa safi. King'ora kikalia, na kwa mara ya kwanza hakuna mkono uliokwenda mdomoni. Tulisimama nje, tumeelekea boila, na mimi niliona aibu kumtazama baba yangu aliyekuwa bado ameshika waya. Maalim alikuwa kando yake. Akalitazama tangi, akalitazama anga, akainua tende juu ili tuione, akaila. Ndipo nikasikia vikombe. Wa kwanza kusema alikuwa Bi Zuhura: "Bismillahi. Sasa mpelekeeni na yeye uji, amekauka."

Tangu hapo Baba alivuta akichelewa kidogo kwa hofu, na tukamlalamikia kwa hilo pia. Baada ya Idi, kambi ilikubaliana kuilipa ile siku pamoja, Jumatatu moja. Magharibi king'ora kililia nje ya Ramadhani. Jirani zetu Wakristo walikuwa wameipika futari yote: mihogo ya nazi, maharagwe, na chai ya tangawizi. Sijala chakula kilichonikaa moyoni kama kile.

Kiwanda kilifungwa zamani. Dohani ingali imesimama, alhamdulillahi. Mdogo wangu alinitumia picha yake, ndege wamejenga viota juu.

Hapa Doha sina cha kulaumu. Ramadhani mzinga wa futari hulia, misikiti mitatu ya jirani huadhini karibu kwa pamoja, na simu ya Salma huita kabla ya yote. Hata hivyo mimi husogea dirishani kwanza, nikatafuta mwanga wa jua juu ya mapaa. Salma hunicheka: "Bibi, simu haijawahi kukosea."

Ni kweli, haijawahi. Wala haijawahi kupita nyumba kwa nyumba na masizi usoni, kutuomba radhi. Namwombea Baba, kisha natia tende mdomoni.