Sketi za Kwaya

Fundi cherehani alirudi darasani akiwa mama mtu mzima, baada ya kuanguka mtihani wa hesabu mara mbili. Vijana wa darasa la jioni walimbatiza Bibi Kanuni. "Niiteni mtakavyo," aliwajibu, "mwaka huu sitoki bila cheti."

Kilichomtoa jasho ni takwimu. Binti yake wa kidato cha tatu alimkalisha kando ya cherehani akamfundisha wastani: jumlisha vyote, gawa kwa idadi. Siku alipopata jibu bila kusaidiwa, alicheka hadi pini zikamdondoka mdomoni.

Basi kichwa kikamvimba. Kwaya ilipomletea kazi ya sketi, alipima viuno vya waimbaji wote, wasichana na mama zao, akatafuta wastani, akakata zote kwa kipimo hicho kimoja. Kazi ikaenda mbio. Siku ya kujaribisha ikawa kioja: wasichana walishikilia sketi zisiwavuke, mama zao wakavuta zipu za sketi zao mpaka zikagoma.

"Fundi, hizi umemshonea nani?" kiongozi wa kwaya akauliza.

Masikio yalimwaka moto kwa aibu, lakini hakutafuta kisingizio. "Nirudishieni zote. Jumamosi ijayo mtavaa."

Nyumbani, binti aliviangalia vile vipimo akatikisa kichwa. "Mama, ungevipanga kwanza kwa makundi."

Wakachora jedwali la marudio, kuona kila kipimo kimejirudia mara ngapi, kisha grafu. Nguzo zilipanda juu pande mbili, wasichana huku, mama zao kule. Pale katikati, penye wastani, palikuwa peupe.

"Lo! Kumbe nimemshonea mtu asiyekuwepo!"

"Ndiyo maana mwalimu anasema chora kwanza."

Wiki nzima alifumua na kushona upya. Za wasichana alizipunguza, za mama zao akaziongezea vipande ubavuni, na vidole vikawaka moto. Jumamosi kwaya iliimba bila mtu kushika kiuno.

Kwenye mtihani lilikuja swali la urefu wa miche ya vitalu viwili. Wastani aliupata upesi, ila kalamu hakuiweka chini. Alichora grafu, akaeleza kwa nini ule wastani hauwakilishi miche iliyo mingi.

Matokeo yalipotoka, hesabu alikuwa amefaulu. Si kwa alama za kutisha, lakini amefaulu. Binti akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje.

"Punguza kelele, mwanangu," mama akasema huku anajifuta macho. "Hebu niambie, fizikia wanaandikisha lini?"