Chai ya Surjit Kaur

Surjit Kaur alizaliwa Kisumu, akaolewa Nakuru, akazeekea Southall, London, na katika miji yote mitatu hakuna aliyewahi kuikataa chai yake. Huipika kwa maziwa matupu, tangawizi na iliki, akaiacha ipande hadi ukingo wa sufuria, akaishusha, kisha akaipandisha tena. Mteja hatoki katika duka lake la vitambaa na koo kavu.

Mnywaji wake mkubwa alikuwa mjukuu wake Gurpreet, msichana wa miaka miwili na nusu, ambaye mama yake, Poonam, binti wa Surjit, humwacha dukani kila aendapo kazini. Chupa ya asubuhi, chupa ya saa nne, chupa ya kulalia. Chakula alikisukuma kando. Tumbo lilikuwa limekwisha kujaa. Alikuwa mnene, midomo imempauka kama karatasi, na siku nzima alikaa chini ya meza ya kukatia akilamba chaki ya fundi.

Hospitali ikasema ana upungufu wa damu. Poonam akapiga marufuku chai, akaleta dawa ya maji ya kuongeza madini ya chuma, yenye ladha ya misumari. Gurpreet akaitema kwenye hariri ya harusi ya watu. Surjit akajaribu asali, akajaribu ndizi, akajaribu kuimba. Siku ya nne akaitia ndani ya chai, na mtoto akainywa yote, akaomba nyingine.

"Mradi imeingia," Surjit alijiambia. Poonam hakuambiwa.

Wiki sita baadaye walikuwa mbele ya Mwende, muuguzi wa watoto kutoka Machakos. Yeye na Surjit huongea Kiswahili tangu siku ya kwanza, huku Poonam, mzaliwa wa London, akikaa katikati yao bila kuambulia kitu.

"Mama Poonam, damu haijapanda hata kidogo," Mwende alisema. "Na kuna jambo la ajabu. Figo zikihisi oksijeni imepungua, hutoa homoni. Homoni hiyo inaenda kwenye uboho, ndani ya mifupa, inauambia: tengeneza chembe nyekundu, haraka! Tumeipima. Ya huyu mtoto iko juu sana. Figo zake zinapiga kelele mchana kutwa."

"Na mifupa ni viziwi?"

"Ndilo daktari analotaka kujua. Ingekuwa hana chuma tungeelewa, amri bila vifaa haijengi kitu. Lakini chuma mnampa kila siku, sivyo? Basi Jumanne atamwingizia sindano kwenye mfupa wa nyonga, atoe uboho kidogo auchunguze."

Surjit aliitazama nyonga hiyo, ndogo ndani ya suruali yenye picha za bata.

"Mwende, dawa hiyo mtu akiinywa na chai, kuna ubaya?"

Mwende akaweka kalamu chini. "Chai gani?"

"Chai tu. Kuna rafiki yangu anauliza."

"Huyo rafiki yako ana mjukuu?"

"Anaye."

"Basi mwambie majani ya chai hukishika kile chuma, na maziwa nayo yanakizuia. Kinatoka jinsi kilivyoingia. Mwambie pia amweleze binti yake leo, kabla ya Jumanne. Mimi simtafsirii."

"Anasema nini?" Poonam aliuliza.

Surjit angeweza kunyamaza. Angeimwaga chai kimya kimya, mtoto apone, na asijue mtu. Ila Jumanne ingefika kwanza. Kwa Kiswahili alikuwa amekiri nusu. Kwa Kipunjabi, lugha aliyomlelea Poonam, hakukuwa na rafiki wa kumsingizia. Akasema yote, macho sakafuni.

"Wiki sita, Mama? Na mimi nakuuliza kila jioni kama amekunywa!"

"Alikuwa anakunywa!"

Mwende akageukia dirisha, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Poonam alinuna, akatikisa kichwa, akanuna tena, kisha kicheko kikamponyoka, na machozi yakafuata nyuma yake.

Daktari alikubali kuahirisha sindano kwa wiki mbili. Sasa dawa ilinywewa na maji ya machungwa, kabla ya chakula, na maziwa yakapunguzwa. Gurpreet alilia siku tisa, akimwangalia nyanya yake kama msaliti. Surjit alivumilia. Siku ya kumi mtoto alichoka kulia, akanyakua chapati mkononi mwa mteja.

Majibu ya damu yalipotoka, Mwende aliyasoma amesimama. "Chembe changa za damu zimejaa tele, Mama Poonam. Mifupa ilikuwa inasikia siku zote. Sindano imefutwa."

Surjit akaanza kumvalisha Gurpreet koti.

Basi la kurudi nyumbani lilikuwa la ghorofa. Gurpreet alikataa kubebwa. Akazipanda ngazi mwenyewe, mikono na magoti, midomo imeanza kupata wekundu. Surjit alimfuata akishikilia chuma cha ngazi, akihema. Kutoka juu sauti ya mtoto ikamwita kwa Kiingereza, ikimwambia aache uvivu.

"Nakuja, mama," alisema. "Nakuja."